Mwenye Pamba na Mwenye Mizani

Zamani katika biashara ya pamba mizani ilikuwa ya mnunuzi, naye alifaidika ikisoma pungufu. Ndiyo sababu wakulima wa Usukuma walidai kujipimia wenyewe. Mwaka 1955 vyama vyao vya ushirika viliungana katika Shirikisho la Victoria, makao yake Mwanza.

Leo iko mizani ya namna nyingine. Ni kamera inayompiga picha dereva akipita taa nyekundu, ili atozwe faini. Huko Chicago, Marekani, kampuni ya Redflex ilianza kuweka kamera hizo mwaka 2003, zikazidi 300. Baadaye mahakamani ilithibitika kwamba kampuni ilimhonga John Bills, ofisa wa mji, ili ipate kazi hiyo. Mwaka 2016 Bills alihukumiwa kifungo cha miaka 10.

Kamera yenyewe si adui, maana mwendo wa kasi huua. Lakini chombo cha kupima kikishikwa na mwenye kufaidika, pimeni tena. Kamera zikifika barabara zetu, ulizeni: Analipwa nani? Analipwa kwa kazi gani? Nani aliusoma mkataba?