Nyimbo Zilizokwenda Vitani

Katika Ulaya na Marekani watu hukusanyika hata leo majumbani mwa muziki kusikiliza nyimbo za Vita Kuu ya Pili. Tarumbeta na saksafoni hupiga dansi za Glenn Miller, ambaye ndege yake ilipotea tarehe 15 Desemba 1944; na waimbaji hufufua nyimbo za Vera Lynn, aliyesafiri hadi Burma mwaka huo huo kuwatumbuiza askari. Ni haki kuwakumbuka. Lakini vijana wa Machakos nao walipigana Burma, nao walikuwa na nyimbo zao.

Yafaa kwanza tujue walitoka katika hali gani. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliwanyang'anya Wakamba ng'ombe wao, ikidai kwamba mifugo imezidi malisho. Umati wa wanaume, wanawake na watoto ukaondoka Ukambani ukaenda Nairobi kushtaki. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akahamishiwa Lamu. Mwaka uliofuata vita vilizuka, na serikali ile ile ikawaendea watu wale wale kutaka wana wao wawe askari. Vijana wengi wa Ukambani waliingia katika jeshi la King's African Rifles, lililoitwa Keya na wenyeji.

Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw, katika mvua kubwa, matope na malaria, hata ikaufikia mto Chindwin. Katika safari kama hizo wimbo haukuwa pambo. Wimbo uliunganisha hatua za watu waliochoka, ukapunguza uzito wa mzigo na hofu. "Funga Safari" ulikuwa wimbo mashuhuri wa Keya. Tena Kiswahili kilikuwa lugha ya kambini. Mkamba aliyelelewa kwa ngoma za kwao aliimba bega kwa bega na Mgiriama na Mjaluo, wote kwa maneno mamoja.

Wakubwa wa jeshi walitambua nguvu hiyo, wakaunda kikosi cha burudani. Humo alikuwamo Fundi Konde, kijana wa pwani ya Kenya, aliyepelekwa Asia kuwapigia askari muziki. Vita vilipokwisha, wanamuziki wa jeshi walirudi na magitaa na mitindo ya ng'ambo kama foksitroti na rumba. Fundi Konde akawa miongoni mwa wapiga gitaa waliosifiwa sana Afrika Mashariki, na muziki wa dansi wa mijini ukapata msingi wake.

Lakini si wote waliorudi na furaha. Askari wa Kizungu waliwekewa mpango wa kupewa mashamba katika Kenya. Askari Mwafrika alirudi kwenye kipande na kodi. Walikuwa wamekabili risasi zile zile, lakini malipo hayakuwa sawa. Si ajabu kwamba baadhi yao, kama Waruhiu Itote aliyepigana Burma, baadaye walishika silaha kudai uhuru.

Basi, msomaji, ukisikia muziki wa vita vile ukipigwa kwa shangwe, shangilia pamoja na wenzako, kwa maana muziki mwema hauna kosa. Ila uwakumbuke pia walioimba matopeni bila jukwaa wala makofi. Anayeusifu wimbo akamsahau mwimbaji amelipa nusu ya deni lake.