Msuka, Si Mkia

Wiki tatu zilizopita mpwa wangu, ambaye kazi yake ni kuwaongoza wageni kwenye Milima ya Udzungwa, aliniletea kisu chake kipya nikitazame kabla hajakitia kazini. Ni Garberg ya kampuni ya Morakniv, kutoka mji wa Mora nchini Sweden, kisu cha porini cha kazi nzito. Duka alikokinunua lilikuwa limekifunga pamoja na karatasi ya maelezo ya Kiswahili. Niliisoma karatasi hiyo kabla ya kukichomoa kisu alani, na tangu hapo sijatulia. Mstari wa kwanza ulisema: "Kisu cha ubao usiohamishika chenye mkia kamili."

Maneno saba tu, na makosa matatu.

La kwanza ni ubao. Ubao ni mti uliochanwa, au kile anachoandikia mwalimu. Chuma cha kisu kina jina lake, nalo ni bapa: bapa la kisu, bapa la upanga. Wazee walikuwa pia na kengee, neno zuri ambalo sasa hulisikii. Aliyeandika ubao hakukosa msamiati katika lugha. Alikosa kuuliza.

La pili ni "usiohamishika". Katika Kiswahili cha sheria, mali isiyohamishika ni nyumba na kiwanja. Kisu tunakihamisha kila siku, kutoka jikoni hadi uani na kutoka kiunoni hadi mkononi. Mwandishi alitaka kusema kwamba bapa halikunjwi likaingia kwenye mpini. Lakini hilo halihitaji kusemwa. Simu zote zilipokuwa za waya hakuna aliyetamka "simu ya mezani". Tulilazimika kuliunda jina hilo baada ya simu ya mkononi kuzagaa. Kwa visu hatujafika huko. Kinachokunjwa ndicho mgeni, na kilikuja na kitambulisho chake: kisu cha kukunja. Kisichokunjwa kinaitwa kisu, basi.

Haya mawili ningeyasamehe. La tatu silisamehe, kwa sababu najua lilikotoka.

Miaka kadhaa nyuma niliitwa kwenye kikao cha kupitia istilahi za zana na ufundi. Tulipofika kwenye ile sehemu ya chuma inayoendelea kutoka kwenye bapa na kuzama ndani ya mpini, nilisema jina lake lipo, halihitaji kuundwa: ni msuka. Mjumbe mmoja, msomi mwenye heshima zake, akajibu kwamba hilo ni neno la jembe la kienyeji na halifai kwa chuma cha kisasa. Mwingine akasema vijana hawalijui. Mjadala haukufika dakika kumi. Orodha ilipochapishwa nikakuta "mkia", na leo mkia umefika mpaka ndani ya boksi la kisu cha mpwa wangu.

Mkia ni nini? Ni kitu kinachofuata nyuma na kuning'inia. Ng'ombe aliyekatwa mkia bado analima na bado anakamuliwa. Sasa kata hicho kinachoitwa mkia wa kisu uone kama utabaki na kisu. Utabaki na kipande cha bati mkono huu na kipande cha mti mkono ule. Mkia tena uko nje, kila mtu anauona; msuka uko ndani, unabeba bila kuonekana. Tamathali hii inadanganya mara mbili, juu ya mahali na juu ya kazi.

Msuka nimeujua kabla sijajua kusoma. Nimekulia Upareni, ambako ukoo wa Washana ulijulikana kwa uhunzi, na bibi yangu mzaa mama alikuwa na jembe la kufuliwa ambalo hakumwazima mtu. Halikuwa na tundu kama majembe ya kiwandani. Nyuma ya bapa lake chuma kilisinyaa kikawa kama mkuki mfupi, na huo ndio msuka. Mpini ulikuwa na kichwa kinene, kama rungu. Siku ya kubadilisha mpini, msuka uliwekwa motoni mpaka ukawa mwekundu, kisha ukasukumwa kwenye kichwa kile, mti ukiungua na kutoa moshi wenye harufu kali, mpaka ncha ikachomoza upande wa pili kiasi cha pingili ya kidole. Hapakuwa na kabari wala msumari. Kila bibi alipolipiga jembe ardhini, ardhi ilizidi kuukaza msuka. Jembe la tundu hufanya kinyume: ukilima nalo mpini unalegea, unasimama, unatafuta kabari.

Ndiyo maana vijana hawalijui neno. Majembe ya tundu, ya kuagizwa na yale ya kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, yaliingia kila kijiji, na kitu kilipotoweka jina lake likalala. Kulala si kufa. Kitu chenyewe kimerudi, kimo ndani ya visu vya porini vinavyouzwa kwa bei ya mbuzi wawili, na jina lake linakisubiri. Kwa nini tukifanye kijitafutie jina jipya kana kwamba hakijawahi kufika kwetu?

Nimesikia pia hoja kwamba msuka utachanganywa na kitenzi suka, kwa kuwa tunasema msuka mikeka na msuka nywele. Hoja hii ilitolewa na watu wanaofundisha sarufi, jambo linalonisikitisha. Msuka mikeka ni mtu: msuka huyu, wasuka hawa. Msuka wa kisu ni kitu: msuka huu, misuka hii. Ngeli zimekwisha kutenganisha. Hakuna Mswahili atakayesikia "msuka umevunjika" akaulizia hospitali. Lugha hii inavumilia maneno yanayofanana kwa sura. Kaa ni mnyama wa baharini, ni kipande cha makaa, na ni amri ya kumkaribisha mgeni kitini, na hatujawahi kuitisha kikao kuliondoa.

Wapo waliopendekeza mzizi, na hao nawaheshimu zaidi, maana angalau walifikiria kitu kilichozama na kinachoshikilia. Lakini mizizi hutawanyika, na msuka ni mmoja, umenyooka. Isitoshe wanaisimu wamekwisha kulichukua: mzizi wa neno, mzizi wa kitenzi. Tuwaachie.

Tazama msuka unakaa na majirani gani. Mpini ni neno la ukoo mkubwa wa Kibantu: Mzulu anasema umphini, Mshona mupinyi, Mchewa mpini vilevile kama sisi. Noleo ni ile pete ya chuma inayoubana mpini pale bapa linapoingia, usipasuke. Ala ni nyumba ya kisu, kinoo ni jiwe lake la kunolea. Hata walipokuja wageni walipata nafasi zao bila kumfukuza mwenyeji: jambia limetoka kwenye neno la Kiarabu la ubavu, kwa kuwa huvaliwa hapo, hanjari ndiyo ile iliyomo kwenye bendera ya Oman, msumari ni Mwarabu, ribiti ni Mwingereza. Mgema ana kotama yake, Mmasai ana sime yake. Watu waliojua kuyagawa haya yote kwa majina hawawezi kuwa waliisahau sehemu inayokishikilia kisu kizima.

Limebaki "kamili". Kisu ambacho msuka wake unafika mpaka mwisho wa mpini kinahitaji sifa, nakubali. Ila kamili inaufanya ule mwembamba au mfupi uonekane una upungufu, na sivyo. Visu vya asili vya Mora vyenyewe, vya mpini wa mti, vina msuka mwembamba na vimechonga miti kwa vizazi. Mimi nasema msuka mzima. Mzima ni usiokatwa njiani, kama tunavyosema siku nzima na mkate mzima, na ni wenye afya pia. Neno moja linabeba urefu na uimara. Kinyume chake ni msuka mfupi, bila kumtukana mtu.

Kila jikoni kuna mfano wa huo mfupi. Cha kwetu ni kisu cha mboga ambacho mpini wake umepasuka na kufungwa kwa utepe wa mpira wa tyubu ya baiskeli. Niliufungua utepe huo mbele ya mpwa wangu nikamwonyesha: chuma kilichoingia mpinini ni cha urefu wa nusu kidole, chembamba, kimeliwa na kutu mpaka kinachorachora vidole kama unga wa matofali.

Kisha tukakichukua cha Sweden. Bapa lina urefu wa milimita 109 na unene wa milimita 3.2; kisu kizima, kutoka ncha hadi kitako, ni milimita 229, na uzito wake ni gramu 170 hivi bila ala. Chuma hakishiki kutu kwa urahisi. Mgongo wake umekatwa kwa pembe ya mraba, kwa hiyo unaweza kukwangulia kijiti cha kuwashia moto bila kuyagusa makali. Mpini ni wa plastiki ngumu, umeuvika msuka pande zote, na pembeni huoni chuma. Ila ukikigeuza ukatazama kitako, chuma kimechomoza, tupu, kinang'aa. Nilikitazama kwa muda mrefu. Ilikuwa ile ncha ya jembe la bibi, nyuma ya kichwa cha mpini.

Tulikigongea kwenye gogo kavu la mkaratusi, likapasuka vipande vinne, na mpini haukutikisika.

Mpwa wangu ameichukua ile karatasi ya duka, amefuta mstari wa kwanza kwa kalamu na kuandika juu yake "kisu cha msuka mzima". Nawaomba wanaotunga vitabu vya vyuo vya ufundi, na wanaotafsiri maelezo ya bidhaa, wafanye hivyohivyo. Umoja ni msuka, wingi ni misuka.