Viwango vya Upimaji katika Majaribio ya Saikolojia

Viwango vya upimaji ni zile daraja nne alizozibainisha mwanasaikolojia Mmarekani S. S. Stevens mwaka 1946, yaani ya majina, ya mpangilio, ya nafasi sawa na ya uwiano, ambazo kwazo hujulikana hesabu ipi ni halali kwa takwimu ipi. Mfano ulio bora wapatikana nchini Tanzania, kandokando ya Ziwa Eyasi, ambako Coren Apicella na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, waliwagawia Wahadzabe 91, watu wa jamii ya wawindaji, kwa bahati nasibu, aina moja kati ya mbili za biskuti au za viberiti vya gesi, kisha wakawauliza kama wapenda kubadilishana kwa aina ya pili. Jibu hilo, naam au la, ni la daraja ya majina. Huhesabiwa, halipangwi kwa ukubwa. Waliokaa karibu na kijiji cha Mangola, penye watalii na biashara, wengi wao walishikilia walichopewa, ilhali katika makambi ya mbali takriban nusu walibadilisha. Lakini ukaribu na soko, na hili ni jambo muhimu, haukugawanywa kwa kura kama zile zawadi. Kwa hiyo athari yake haithibitiki kwa nguvu ile ile.