Nairobi–New York, Saa 15

Oktoba 28, 2018, ndege ya Kenya Airways ilipaa kutoka JKIA ikaenda moja kwa moja hadi JFK, New York. Karibu kilomita 11,800, saa 15 hivi. Kurudi ni kama saa 14, kwa sababu upepo wa huko juu huvuma kutoka magharibi na kuisukuma ndege. Watu tulishangilia kweli.

Lakini mimi huwaza ile ya Septemba 1959. Wanafunzi 81 walitoka Nairobi kwa ndege ya kukodi, mpango wa Tom Mboya na marafiki zake Wamarekani, kwa sababu hapa nafasi za chuo kikuu zilikuwa chache mno. JFK bado iliitwa Idlewild. Kilomita ni zilezile, ila ndege ilibidi itue njiani kutia mafuta. Na kurudi je? Hapo hesabu ilikuwa ya miaka, si saa. (Mimi niliacha chuo kilichokuwa matatu moja tu kutoka nyumbani, wacha ninyamaze.) Wangari Maathai aliondoka 1960 kwa mpango huohuo, akiacha koloni. Alirudi 1966, akakuta jamhuri.