Rangi Isiyochuja: Kutoka Nili ya Maluane hadi Maji ya Batiki

Karibu mwaka 1516 Mreno Duarte Barbosa aliandika habari za nchi zinazopakana na Bahari ya Hindi. Alipowaeleza watu wa Sofala alitaja jambo ambalo msomaji wa haraka hulipita. Watu hao, anasema, walilima pamba nyingi na kufuma nguo nyeupe, lakini hawakuwa na namna ya kuzitia rangi. Kwa hiyo walichukua nguo za buluu zilizotoka Cambay, wakazifumua, kisha wakazifuma upya nyuzi zile pamoja na nyuzi zao nyeupe. Tuifikirie kazi hiyo. Nguo nzima, iliyovuka bahari na kulipiwa, inafumuliwa uzi baada ya uzi kwa sababu kilichotakiwa si nguo bali ni rangi yake.

Wanafunzi wa historia tumezoea kusoma pwani yetu kwa dhahabu, pembe na watumwa. Rangi hutajwa kama pambo tu. Insha hii inaanza na rangi, kwa sababu swali linalowasumbua wanakemia leo, yaani namna ya kuitoa rangi katika maji baada ya nguo kutiwa, haliwezi kueleweka vizuri bila kujua jinsi binadamu alivyohangaika kuifanya rangi isitoke.

Tuondoke Sofala tuelekee kaskazini, hadi Cabo Delgado. Mute iko katika Wilaya ya Palma, karibu na mwisho wa kaskazini wa pwani ya Msumbiji. Ukiendelea mbele unaufikia Mto Ruvuma na mpaka wa Tanzania. Mbele ya pwani hii vimejipanga Visiwa vya Kirimba, na Wareno wa mwanzo waliviita kwa jina jingine: Visiwa vya Maluane. Maluane lilikuwa pia jina la nguo. Padri João dos Santos, Mdominiko aliyeishi visiwani humo katika miaka ya 1590 na kitabu chake kikachapishwa Évora mwaka 1609, anazitaja nguo hizo zilizofumwa na Waislamu wa huko na kutiwa nili. Hapa hapakuwa na haja ya kufumua nguo ya Cambay. Watu waliijua nili wenyewe, na nguo yao ilijulikana kiasi cha kuwapa Wareno jina la visiwa vyao. Katika miaka ya 1520 Wareno hao hao walikishambulia Kisiwa cha Kirimba, na baadaye wakavigawa visiwa kuwa mashamba ya mabwana wao.

Ujuzi wa nili si mdogo. Jani la mnili halina buluu ndani yake. Lina kitu kisicho na rangi, ambacho hutoka jani linapolowekwa na kuchacha majini. Maji hayo yakipigwapigwa na kuingiwa na hewa, oksijeni hukigeuza kuwa nili, nayo huzama chini kama tope la buluu. Lakini nili hii haiyeyuki majini, kwa hiyo haiwezi kuingia katika uzi. Mtiaji rangi lazima aigeuze tena: huiweka katika chombo chenye maji makali ya majivu au chokaa, na kitu kinachochacha cha kuiondolea oksijeni, mpaka iwe majimaji ya rangi ya manjano na kijani. Nguo hutumbukizwa humo. Ikitolewa inakuwa ya kijani, na machoni pako, hewa ikiigusa, inageuka buluu. Sasa nili imenaswa ndani ya uzi na haiyeyuki tena. Ndiyo maana haichuji.

Neno hilo, haichuji, ndilo sifa kuu ya nguo sokoni kwetu mpaka leo. Mnunuzi wa kanga au kapulana huuliza bei, lakini kabla ya hapo huuliza kama inachuja. Rangi nzuri ni ile inayovumilia sabuni, jasho na jua. Kwa maneno mengine, ni rangi ambayo maji hayaiwezi, vijidudu hawaiwezi, wala mwanga wa kawaida hauiwezi. Tukiisha kusema hivyo tumeeleza pia kwa nini rangi ikimwagwa mtoni haiishi. Ubora wa kitambaa na ubaya wa maji machafu ni tabia moja ya molekuli ile ile.

Karne ya 19 iliiondoa kazi hiyo mikononi mwa watu wengi duniani. Katika biashara ya misafara ya Afrika Mashariki, nguo mbili zilizotajwa sana zilikuwa merikani, nyeupe, kutoka Marekani, na kaniki, ya buluu iliyokolea, ambayo kwa sehemu kubwa ilitoka India. Pwani ambayo iliwahi kuwa na nguo yake ya nili sasa ilivaa nili ya wengine. Kisha, mwaka 1856, kijana wa London, William Henry Perkin, akitafuta dawa ya malaria, alipata kwa bahati rangi ya zambarau kutokana na lami ya makaa ya mawe. Mwaka 1897 kampuni ya BASF ya Ujerumani ilianza kuuza nili ya kiwandani, na mashamba ya nili ya India yakaanguka katika muda mfupi. Tangu hapo rangi ikawa kazi ya maabara.

Kwa Cabo Delgado mabadiliko hayo yalikuja na sura ya kikatili. Kwanza Kampuni ya Nyasa ilitawala eneo hili hadi mwaka 1929. Kisha kuanzia mwaka 1938 serikali ya Ureno iliimarisha kilimo cha pamba cha kulazimishwa, na wakulima wa kaskazini mwa Msumbiji wakalima kwa hofu ya kiboko pamba iliyosafirishwa ghafi kulisha viwanda vya Ureno. Huko, kaskazini mwa Ureno, Mto Ave unaopita katikati ya viwanda vya nguo ukawa miongoni mwa mito iliyochafuliwa vibaya barani Ulaya, na rangi za nguo zikiwa sehemu ya uchafu huo. Mkulima wa Mueda hakuuona mto ule. Lakini pamba iliyomtoa jasho na maji yaliyobadilika rangi kule ni historia moja, na naona ni kosa kuzisoma kama sura mbili za vitabu viwili.

Baada ya uhuru Afrika Mashariki iliamua kufuma na kutia rangi yenyewe. Kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa Ubungo, Dar es Salaam, kwa msaada wa China, kilianza kazi mwaka 1968. Ulikuwa uamuzi wa haki. Nchi inayolima pamba ina sababu zote za kuvaa nguo yake. Lakini kiwanda kilikuja na maji yake machafu, na maji hayo yaliingia katika vijito vya bonde la Msimbazi, bonde ambalo wakazi wa jiji walilima mboga kandokando yake. Tulipokea mashine ya kutia rangi. Mashine ya kuitoa haikupewa uzito ule ule, na hili si la Tanzania peke yake.

Viwanda vingi vya zama zile vimefungwa au vimedhoofika, lakini rangi haikuondoka. Imehamia uani. Akina mama wanaotengeneza batiki Dar es Salaam, Zanzibar na kwingineko hutumia beseni, glavu za mpira, rangi ya unga, kostiki soda na haidrosalfaiti. Mtu aliyefuata maelezo ya nili hapo juu atagundua mara moja: ni kazi ile ile ya Maluane. Kostiki soda imechukua nafasi ya maji ya majivu, haidrosalfaiti imechukua nafasi ya uchachushaji, na kitambaa bado kinabadilika rangi kikitolewa hewani. Kazi ikiisha, beseni humwagwa mtaroni au nyuma ya nyumba. Mahali kama Mute, ambako kisima ndicho maji ya kunywa, kumwaga hivyo kungekuwa na maana tofauti na jijini.

Hapo ndipo mwanga unapoingia, na wenyewe una historia ya kuchekesha kidogo. Mwanzoni mwa karne ya 20 viwanda vilianza kutengeneza rangi nyeupe ya kuta kutokana na dioksidi ya titani. Ilikuwa nyeupe kupita zote, lakini ilikuwa na kasoro: ukuta uliopigwa jua ulianza kutoa unga, na rangi nyingine zilizochanganywa nayo zilipauka. Kwa mafundi ilikuwa hasara. Mwaka 1938 wanakemia wawili wa London, Goodeve na Kitchener, waliichunguza hasara hiyo na kuonyesha kwamba unga ule mweupe ukipigwa na mwanga huharibu rangi bila wenyewe kuisha. Kwa lugha ya kemia, ni kichocheo. Matokeo yao hayakuvuta watu wengi. Mwaka 1972 Wajapani Akira Fujishima na Kenichi Honda walitangaza kwamba kipande cha dioksidi ya titani kilichomulikwa kiliweza kuyapasua maji kuwa haidrojeni na oksijeni, na dunia ikageuka kutazama. Katika miaka michache iliyofuata watafiti walianza kukitumia kichocheo hicho kuvunja sumu katika maji, na rangi za nguo zikaingia katika orodha.

Namna kinavyofanya kazi inaweza kuelezwa kwa ufupi. Mwanga wenye nguvu ya kutosha hurusha elektroni kutoka mahali pake ndani ya chembe ya dioksidi ya titani, na nyuma hubaki pengo. Pengo hunyang'anya elektroni kutoka kwa maji yaliyogusana na chembe, na elektroni iliyorushwa hudakwa na oksijeni. Pande zote mbili huzaa vitu vikali vya muda mfupi mno, hasa radikali ya haidroksili, ambavyo hushambulia molekuli ya rangi iliyo karibu, hukata viungo vinavyoipa rangi yake, kisha hupasua vipande vilivyobaki mpaka, kazi ikikamilika, vibaki kaboni dioksidi, maji na chumvi. Oksijeni ile ile iliyoifanya nili kuwa buluu hapa, ikiwa katika sura kali zaidi, inaimaliza.

Maneno "kazi ikikamilika" yasipitwe. Maji yakipoteza rangi si lazima yawe safi. Kiungo kinachotoa rangi hukatika mapema, na vipande vyake visivyoonekana kwa macho, ambavyo kwa baadhi ya rangi ni sumu kuliko rangi yenyewe, vinaweza kubaki. Tafiti zinazoonyesha picha ya chupa ya buluu na pembeni yake chupa nyeupe zinatuambia nusu ya habari. Kuna shida nyingine pia. Dioksidi ya titani ya kawaida huamshwa na mionzi ya urujuanimno, ambayo ni kama asilimia 5 tu ya mwanga wa jua; maji yenye rangi nzito huuzuia mwanga usiingie; na unga mwenyewe, ukichanganywa majini, ni kazi kuutoa. Ndiyo maana watafiti huugandisha juu ya kioo au vigae, na wengine huchanganya vitu vingine ndani yake ili uweze kutumia mwanga unaoonekana.

Sasa turudi kwenye ramani. Titani hupatikana katika madini ya mchanga mweusi wa ufukweni, ilmeniti ikiwa mojawapo. Moma, katika Mkoa wa Nampula, kusini ya Cabo Delgado, kampuni ya Kenmare imekuwa ikisafirisha madini hayo tangu mwaka 2007, na kuyafanya Msumbiji kuwa muuzaji mkubwa duniani. Kwale, pwani ya Kenya, kampuni ya Base Titanium ilichimba kwa zaidi ya miaka kumi hadi mwisho wa mwaka 2024. Sehemu kubwa ya mchanga huo huenda ng'ambo kutengenezwa unga mweupe wa rangi za kuta, plastiki na karatasi. Mchoro ni ule wa pamba: ghafi inatoka, kilichotengenezwa kinarudi kwenye kopo. Simaanishi kwamba kila nchi yenye mchanga ijenge kiwanda chake cha dioksidi ya titani. Kiwanda hicho nacho kina maji yake machafu, tena yenye asidi. Lakini mwanafunzi wa Nampula au Mombasa anayejifunza juu ya kichocheo hiki angepaswa kujua kwamba malighafi yake inapakiwa melini si mbali naye.

Kuhusu Maluane, vyanzo vya maandishi ni vya wageni. Vyanzo vya mdomo vilikuwa kwa wazee wa pwani hii, na vita vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 vimewatawanya watu wa Palma, Mute na vijiji vingine hadi Pemba, Nampula na ng'ambo ya Ruvuma. Anayetaka kuuliza jina la mnili kwa Kimwani au Kimakwe, na mahali ulipoota, itambidi awatafute watu hao makambini na kwa jamaa zao, tena mapema.

Na ujuzi huo si wa makumbusho tu. Mtengenezaji wa nili alijua kwamba maji yakipigwa na kuingiwa na hewa, rangi huacha kuyeyuka na kuzama. Rangi nyingi za batiki zina tabia hiyo hiyo. Beseni lisimwagwe mara moja. Maji yakorogwe na kuachwa wazi, haidrosalfaiti iliyobaki iishe nguvu kwa hewa, tope lizame, kisha yapitishwe kwenye ndoo ya mchanga. Ukali wa kostiki soda upunguzwe. Kitakachobaki ni rangi zile zinazoyeyuka, zisizokamatwa na mchanga, na hizo ndizo zinazohitaji sinia pana lenye vigae vilivyopakwa kichocheo, maji ya kina kifupi, na jua la saa sita mchana.