Keya Aliyerejea Shelui: Lugha, Jina na Kumbukumbu ya Askari wa Vita Kuu ya Pili

Msafiri atokaye Singida kuelekea Nzega huteremka mlima wa Sekenke kabla ya kufika Shelui, mji mdogo wa wilaya ya Iramba ulio jirani na mbuga ya Wembere. Vita vikuu viwili vya karne ya 20 vilipita hapo kwa namna mbili tofauti. Dhahabu ya Sekenke, iliyoanza kuchimbwa mwaka 1909, ndiyo iliyotumiwa na Wajerumani mwaka 1916 kufua huko Tabora sarafu ya rupia 15 yenye sura ya tembo, wakati meli za Waingereza zilipokuwa zimeziba njia ya fedha kutoka Ulaya. Sarafu hiyo leo inatafutwa na wakusanyaji wa dunia nzima. Wapagazi waliobeba mizigo ya vita hivyo hivyo hawatafutwi na mtu, na wengi wao hawakuandikwa majina popote.

Vita vya pili viliandika majina. Zaidi ya Watanganyika 80,000 waliingia jeshini kati ya mwaka 1939 na 1945, wengine kwa hiari, wengine kwa kuitwa na machifu waliopewa idadi ya kutimiza. Kikosi kikuu kilikuwa King's African Rifles, ambacho herufi zake tatu za Kiingereza zilizaa neno la Kiswahili: keya. Vikosi vya Tanganyika vilipigana na Waitaliano nchini Ethiopia mwaka 1941, vikaenda Madagaska mwaka 1942, na mwaka 1944 vikapelekwa Burma katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Divisheni hiyo ilishuka bonde la Kabaw katika majira ya masika, matope yakiwafika askari magotini na malaria ikiwaandama, hadi ikauvuka mto Chindwin mwezi Desemba. Wapo ambao hawakufika kabisa: tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives, wakafa watu wapatao 1,300, wakiwamo wapiga mizinga wengi wa Afrika Mashariki.

Kwa wanafunzi wa lugha, keya ana umuhimu wa pekee. Jeshi lilimchukua kijana aliyelelewa katika Kinyiramba na kumweka kambini pamoja na Mhehe, Mjaluo, Mkamba na Mganda, wote wakiamrishwa kwa Kiswahili. Kiswahili hicho kimedharauliwa sana na wataalamu. Husemwa kwamba kilikuwa kibovu, kimekatwa upatanisho wa ngeli, kimejaa sentensi kama «mimi hapana jua» mahali pa «sijui», na «kuja hapa» mahali pa «njoo hapa». Hukumu hiyo ina ukweli ndani yake, ila lawama imeelekezwa kwa asiyestahili. Kinyiramba ni lugha ya Kibantu, jirani wa Kinyaturu na Kisukuma, nacho kina ngeli zake kamili na upatanisho wake mkali. Mwenye lugha kama hiyo hana sababu ya kuzaliwa nayo ya kuziacha ngeli za Kiswahili. Aliziacha kwa kuwa ofisa aliyemwamrisha hakuwa nazo, na askari anayejibu amri hujibu kwa lugha ya anayeamrisha. Jioni, afisa akiisha kuondoka, mazungumzo ya Wabantu wenyewe kwa wenyewe yalikuwa na kila sababu ya kuzirudisha ngeli mahali pake. (Neno «afande» lenyewe ni shahidi wa mapokeo hayo ya kambi: ni «efendi» la Kituruki, lililofika pwani pamoja na askari wa Kisudani walioletwa na Wissmann mwaka 1889.)

Lugha hiyo ndiyo iliyorudi nyumbani, na ilitangulia kurudi kabla ya mwenyewe, kwa njia ya barua. Askari aliweza kuagiza sehemu ya mshahara wake ilipwe kwa jamaa zake bomani, na barua zilizofuatana na fedha hizo aghalabu ziliandikwa kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha ambayo mwandishi wa kambini na mkaguzi wa barua waliielewa. Mke asiyejua Kiswahili alihitaji msomaji. Katika Iramba msomaji huyo yamkini alikuwa mwalimu au mwinjilisti wa misheni ya Kilutheri ya Augustana kutoka Marekani. Hivyo neno la mume kwa mkewe lilipita katika vinywa vya watu wawili na lugha mbili kabla ya kufika. Yapo mambo ambayo mwanamume hawezi kuyatamka mbele ya mwandishi, wala mke hawezi kuyasikia mbele ya mwalimu. Historia za vita haziyataji, lakini bila hayo ndoa ya keya haieleweki.

Alipoachishwa jeshi alipewa kiinua mgongo. Hati zilizotangazwa mwaka 2019 zilidhihirisha kwamba malipo hayo yalipimwa kwa rangi pamoja na cheo na muda wa utumishi: askari Mwafrika alipata karibu theluthi ya alichopata mwenzake Mzungu wa cheo kilekile kutoka makoloni yaleyale.

Maisha ya baadaye yalitegemea sana mahali aliporudi. Ally Sykes wa Dar es Salaam, aliyepigana Burma akiwa kijana mdogo, alikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU mwaka 1954, akawa na kadi namba 2, akaishi hadi mwaka 2013 akiwa na miaka 86. Baba yake, Kleist Sykes, alikuwa askari wa Wajerumani katika vita vya kwanza, na maisha yake yaliandikwa na mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, katika kitabu kilichohaririwa na John Iliffe mwaka 1973. Ukoo huo ulikuwa na karatasi, na ulikuwa na wasomi wa kuzisoma.

Ukoo wa Shelui mara nyingi una kitabu cha kuachishwa jeshi tu, nacho kina mtego wake. Makarani waliosikia majina ya Kinyiramba hawakujua waandike l au r. Jina la kabila lenyewe limeandikwa Iramba, Ilamba, Nyiramba na Nilamba. Mjukuu anayemtafuta babu yake katika orodha za jeshi hana budi kulitafuta jina kwa r, kisha kwa l, kisha bila kiambishi cha mwanzo. Aliyekuwa na miaka 20 pale Chindwin angekuwa amepita 100 sasa. Anayeweza kusema jina lilivyotamkwa nyumbani ni mwanawe, naye pia ni mzee.