Taja wimbo: mchezo wa jioni na historia iliyo ndani yake

Wasikilizaji wetu wanaujua mchezo huu. Batri ya redio ikiisha, mtu mmoja anasema maneno matatu au manne ya wimbo wa zamani, bila kuuimba, na wengine wanatafuta jina la wimbo na jina la mwanamuziki. Familia zilizotoka Rutshuru, Masisi na Nyiragongo zinaweza kuucheza pamoja, hata kama zimejuana juzi tu. Santuri na kaseti zilibaki nyumbani, lakini maneno watu walikimbia nayo kichwani.

Jibu linalotolewa haraka kuliko yote ni «Franco!» Na mara nyingi si sahihi. Chukua «Mabele». Orkestra ni ya Franco kweli, OK Jazz, iliyoanzishwa 1956. Lakini aliyeutunga ni Simaro Lutumba, na sauti tunayoisikia ni ya Sam Mangwana, mtoto wa Kinshasa ambaye wazazi wake walitoka Angola. Kwa Kilingala mabele ni udongo, ardhi. Wazee waliofukuzwa mashambani mwao wanauomba sana wimbo huu, na wengi hawajui Kilingala zaidi ya hilo neno moja. Simaro alifariki mwaka 2019. Kumtaja yeye ni haki yake, kwa hiyo kwenye mchezo tunaomba pointi ya pili itolewe kwa mtunzi.

Wimbo wa zamani zaidi ambao wapapa bado wanautambua kwa maneno machache ni «Marie-Louise» wa Wendo Kolosoy, wa mwaka 1948. Wendo aliimba, Henri Bowane akapiga gitaa, na studio ya Ngoma huko Leopoldville, mali ya Mgiriki, ikatoa santuri. Watu walisema kwamba ukipigwa usiku wa manane wafu wanaamka, na mapadri hawakufurahi hata kidogo. Wimbo wa mapenzi tu!

«Indépendance Cha Cha» ni rahisi mno, mtu yeyote anaupata. Lakini usikilize vizuri: karibu wote ni orodha ya majina. Januari 1960 viongozi wetu walikuwa Brussels kwenye mkutano wa Meza ya Mviringo, na Joseph Kabasele alikuwa huko na African Jazz yake, pamoja na wanamuziki wa OK Jazz. Tarehe ya uhuru ilipokubaliwa, yaani 30 Juni, wimbo ukatungwa palepale. Ndani yake Kasavubu, Lumumba, Kalonji na Tshombe wanatajwa pamoja kama watu wa nyumba moja. Mwaka ule haukuisha kabla hawajagawanyika. Kijana akipewa majina hayo manne kama kitendawili, anajifunza jambo ambalo darasani lilipita haraka.

Kuna pia nyimbo ambazo maneno yake yalifichwa makusudi. Juni 1966 Mobutu aliwanyonga hadharani wanasiasa wanne, akiwemo Évariste Kimba aliyekuwa waziri mkuu. Baadaye Franco akatoa «Luvumbu Ndoki», kwa Kikongo, juu ya mchawi anayekula watu wake. Hakumtaja mtu. Raia walielewa, serikali nayo ikaelewa: santuri ikaondolewa sokoni, Franco akavuka mto kwenda Brazzaville kwa muda. Kusema kwa kupindisha, ambako watu wa Kinshasa wanakuita mbwakela, kulikuwa silaha yake. Kipande cha wimbo wa namna hiyo, ukikisikia peke yake, hakikuambii kitu. Lazima ujue nani alikuwa anatawala.

Miaka iliyofuata mambo yakageuka, na kwa mchezo wetu hiyo ni alama nzuri. Ukisikia kelele za atalaku, mtu anayepiga makelele ili watu wacheze, ujue uko miaka ya 1980 au baadaye, kwa sababu desturi hiyo ilienea kupitia Zaïko Langa Langa. Na ukisikia jina la tajiri au la mwanasiasa limerushwa katikati ya mapenzi, hiyo ni libanga, «jiwe»: mtu amelipa ili atajwe. Binafsi naona inachosha. Lakini kwa kukadiria mwaka inasaidia sana, maana wakubwa hao wanabadilika upesi.

Shida kubwa ni lugha. Nyimbo nyingi ni za Kilingala, na sisi wa Kiswahili tulizishika kwa sikio. Neno linatoka kwa baba likiwa limepinda kidogo, kwa mtoto linapinda zaidi, na siku ya mchezo watu wawili wanagombana kila mmoja akiwa na lake. Hapo mwamuzi awe mama au mzee aliyewahi kuishi Kinshasa au Kisangani.

Zipo hata hivyo za Kiswahili chetu. Mwaka 1952, huko Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, Mwingereza Hugh Tracey alirekodi kijana aitwaye Mwenda Jean Bosco, na «Masanga» ikafika Nairobi na mbali zaidi. Huu usiutoe kwa maneno. Mpe mwenye gitaa apige mwanzo wake tu, vidole viwili vitatu, na mzee wa Katanga atakuwa ameshajibu.